Mtoto wa Jirani Aliyekaa Benchini

Vijana wa chumba cha picha, mmeniomba niwaachie maandishi machache sasa kwa kuwa nimestaafu na sina kisingizio. Vyeo nilivyopanda havitawafaa kitu, na mshahara tusiuguse, maana nitakasirika bure. Nitaeleza tu jinsi Masika huyu wenu, mwanamke wa Kinande, mzaliwa wa Mutwanga, alivyomaliza ujana wake mjini Goma akitazama picha za Warusi wa enzi za wafalme wao. Wengi wenu mnadhani sanduku la kijani lililo kwenye rafu ya chini liliachwa na mapadri. Mapadri hawahusiki kabisa.

Lilikuja na Mrusi mmoja, Muzee Aleksei, aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Alitoroka kwao akiwa kijana mdogo, yeye na wazazi wake, nchi yao ilipoanza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Wakafika Ubelgiji, na kutoka huko, alipokuwa mtu mzima, akaja Kongo kama wengine walivyokuja, kutafuta maisha. Baba yake alikuwa daktari wa mji mdogo kando ya mto mkubwa, na kwa ninavyoona mimi, alipenda kamera yake kuliko wagonjwa. Alipiga picha soko, mavuno, mazishi, wapishi, mbwa, kila kitu, akazibandika kwenye kadibodi nene. Wakati wa Zaire, mashamba ya wageni yalipochukuliwa, Muzee Aleksei alihamia nyumba ndogo mjini, akatoa sanduku kwa maktaba ya taasisi yetu kwa sharti moja: binti yake aajiriwe kulitunza. Muda mfupi baadaye akafariki. Mimi sikumkuta.

Binti huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Jina lake Nina, lakini kwa kuwa hakuolewa, mji mzima ulimwita Mamzeli. Alizaliwa Rutshuru. Alisema Kiswahili na Kinyarwanda kama wanawake waliomlea, Kifaransa kama masista waliomchapa, na Kirusi alikijua kwa baba yake tu, hakuwa na mtu mwingine duniani wa kuongea naye. Urusi yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa mrefu, mkavu, na kama hakupendezwa na jambo alikuwa anakunja kola ya gauni lake bila kusema neno. Nilijifunza kuisoma ile kola mapema kuliko picha.

Siku ya kwanza alinikalisha karibu na dirisha, akanipa picha moja na lenzi ya fundi saa, ile ya kubana kwenye jicho.

"Sema kenye unaona," aliniambia. "Usiseme kenye unajua."

Nikatazama. Barabara, nyumba za mbao, watu wamevaa mizigo ya nguo, na chini kila mahali kumefunikwa na kitu kimoja.

"Minaona batu banatembea ku majivu."

Msinicheke. Mtu anayeishi chini ya volkano ya Nyiragongo akiona ardhi imefunikwa hivyo, aseme nini kingine?

"Haiko majivu. Ni neige. Theluji."

"Mamzeli, wewe ulishaka ona theluji?"

Kola ikakunjwa. "Hapana. Papa njo aliniambiaka."

Basi nikamwambia kwamba mimi nimeiona. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama nyuma ya nyumba yetu Mutwanga, unauona weupe juu kabisa ya Ruwenzori, na mama zetu walitukataza kuunyooshea kidole. Mamzeli aliweka kalamu chini akaniuliza iko namna gani. Nikamjibu iko mbali. Hivyo ndivyo ofisi yetu ilivyoanza: Mrusi asiyejua theluji na Mnande aliyeiona kwa mbali, tukiwaeleza wanafunzi wa Goma maisha ya Urusi. Na niwaambie ukweli, hatukuwa wabaya.

Kanuni yake ya kusema unachoona kabla ya unachojua ilinitesa miezi mingi. Niliona mtumbwi umekokotwa na farasi mahali pasipo maji; kumbe ni gari lao la kuteleza juu ya theluji. Niliona mbwa mwenye vichwa viwili. Hapo nikajifunza kwamba kamera za zamani zilikuwa polepole, na kila kilichotikisika kilijiandika mara mbili au kikafutika. Ndiyo sababu wale watu wote wana nyuso za kesi mahakamani: si kwamba hawakujua kucheka, waliambiwa watulie. Niliona mkate mkubwa umefungwa kitambaa kuanzia juu mpaka chini, umelazwa kwenye mapaja ya mwanamke, na mkate huo una pua. Watoto wao wachanga walifungwa hivyo, mikono ndani, kama sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, tunavyozifunga kwa jani. Niliona watu wamelala juu ya jiko. Hilo nilikataa kuliandika mpaka Mamzeli aliponichorea jiko la udongo lenye ukubwa wa chumba, na juu yake kitanda cha wazee.

Kuna picha ya wavunaji iliyonipa heshima kidogo. Wanaume wamesimama mstari na mafyekeo yao, wote na buti nzuri za ngozi. Mamzeli alikuwa ameandika kwamba wakulima wa wilaya ile walikuwa na hali njema. Lakini nikaona kiraka kwenye ncha ya buti moja, nikakikuta kiraka hichohicho katika picha nyingine, kwenye mguu wa mtu mwingine, halafu kwenye mguu wa mtu wa tatu. Mimi nilijua mchezo huo. Picha yangu ya kumaliza shule nilipigiwa studio moja ya Majengo, nimevaa koti la mwenye studio, koti lililovaliwa na mtaa mzima; ukikusanya picha za mtaa ule utadhani sote tulikuwa na fundi mmoja wa nguo. Buti zilikuwa za daktari. Siku za kawaida wale watu walivaa viatu vilivyosukwa kwa magome ya mti, na ukitafuta utaviona vimetupwa nyuma ya ua. Mamzeli alifuta sentensi yake bila kukunja kola. Tangu siku ile akawa anasema "sisi" badala ya "mimi."

Nawaachia hapa mambo mawili ya ufundi, kwa sababu hamtayakuta kwenye kozi zenu. Anzeni na pembe za picha, si katikati. Katikati ni pale mpiga picha alipotaka mtazame. Pembeni ndipo alipojisahau. Na usishike kadibodi ya zamani siku ya mvua ukiwa umetoka kula ndizi za kukaanga, hata ukinawa mara kumi.

Sasa nije kwenye picha mbili.

Ya kwanza tuliiita Mazishi ya Lida. Jeneza dogo limewekwa wazi juu ya benchi uani, mtoto amevikwa kofia nyeupe, uso umezungukwa na maua. Watu wamesimama pembeni. Wazungu waliotembelea maktaba yetu walikuwa wanaisukuma kando haraka, eti inatisha. Sisi wa hapa haikutushtua hata kidogo. Nani kati yenu hana nyumbani picha ya matanga, ukoo umejipanga na marehemu katikati? Muzee Aleksei alimwonyesha binti yake picha hiyo tangu utoto: huyu ni shangazi yako Lida, dada yangu wa pekee, alikufa na surua kabla hatujatoroka. Kila mwaka alimlipia misa. Padri wetu aliisoma kwa Kilatini, baadaye kwa Kiswahili, kumwombea mtoto wa dini nyingine kidogo katika nchi nyingine kabisa, na Mungu sidhani alilalamika. Muzee alipofariki Mamzeli akaendelea nayo. Alikuwa hana ndugu mwingine, hai wala mfu, zaidi ya baba yake na huyo mtoto. Nilikwenda naye misani mara nyingi. Aliwasha mshumaa wake, akapiga magoti, akaonekana mtu mwenye ukoo.

Ya pili haikuwa na umaarufu. Kijana wa kama miaka kumi na minne, na kofia ya shule, amekaa kwenye benchi na msichana mdogo. Kijana ni Aleksei mwenyewe. Ameushika mkono mrefu wa gauni la yule mtoto, kitambaa tu, ameubana kabisa, labda asitikisike. Chini yake Mamzeli alikuwa ameandika zamani, kwa mwandiko wake mzuri: Aleksei na mtoto wa jirani.

Miaka ikapita hivyo. Halafu vita vikaanza kupita mlangoni kwetu. Kwanza walikuja watu wa Masisi, wamekimbia mapigano, wameshuka kwa njia ya Sake, na mimi nikasimama barabarani kama kila mtu kuwatazama. Kesho yake nikatoa picha ya mikokoteni ambayo Muzee Aleksei alisema ni watu wanakwenda sokoni. Nikaitazama pembeni. Nikamwita Mamzeli.

"Hawa habaendi ku soko."

"Juu ya nini?"

"Angalia ile nyungu. Iko na masizi. Na ule mama anabeba matela ya kulalia. Nani anapeleka matela yake ku soko?"

Akatazama kwa lenzi muda mrefu. "Papa alisemaka ni soko," akasema. Kisha akaandika mwenyewe: wakimbizi. Baadaye tulisoma kwamba kweli, kabla ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe kulikuwa na vita vingine, na watu wa magharibi ya nchi yao walipita katika ule mji na mikokoteni. Muzee alikuwa mtoto. Huenda aliambiwa ni soko. Tuliyaacha hapo.

Mwaka uliofuata wakavuka watu wa Rwanda. Sitaeleza mlichokwisha elezwa. Wafu walilazwa kandokando ya barabara wamezungushiwa mikeka, na harufu ile bado inanijia nikisikia chokaa. Taasisi ilifungwa, na shirika moja la kuunganisha watoto na wazazi likaomba watu wanaojua kazi ya picha. Nikapelekwa kambi ya Mugunga, nje ya mji. Kazi ilikuwa kupiga picha watoto waliopatikana peke yao, kuzibandika kwenye mbao kubwa, na kusimama pale wazazi wapite watazame. Walipita kwa maelfu. Mama alitazama picha moja, akagusa kwa kidole, akasema hapana, akaenda kwa ya pili. Hakuruka hata moja. Akimaliza ubao alirudi mwanzo, kwa sababu labda mara ya kwanza hakutazama vizuri. Nimefanya kazi na maprofesa, sijaona mtu anayesoma picha namna ile.

Kulikuwa na seremala mmoja, Papa Inosenti, aliyekuwa anakuja kila asubuhi. Majirani zake wa kambini walishaniambia habari zake: binti yake alikufa njiani, walimfanyia matanga hapohapo, hata sigara watu walichangia. Lakini asubuhi yuko kwenye ubao. Siku moja nikamsogelea.

"Papa, unatafuta nani?"

"Hapana mutu."

"Na unakujaka kila siku."

Akaangalia kama kuna anayesikia. "Mutoto wangu hakukufa, mama. Alipotea ku mupaka, batu balikuwa bengi. Lakini nikisema alipotea, bataniuliza nilimuachilia namna gani. Nikisema alikufa, bananipa pole."

Nilimpa pole hata hivyo. Jioni ile nilipanda lori la kurudi mjini. Sikuwa namfikiria Papa Inosenti peke yake. Nilikuwa naliona benchi la Aleksei na mtoto wa jirani.

Nikaomba funguo za maktaba kwa mlinzi, nikazitoa picha mbili nikaziweka pamoja dirishani. Katika miaka yote ile hatukuwa tumeziweka pamoja, kwa sababu moja ilikuwa ya mazishi na nyingine ya watoto, na sisi tulipanga sanduku kwa mada kama watu waliosoma. Nikaanza na pembe. Nyuma ya jeneza kuna banda linajengwa uani: nguzo tupu, anga inaonekana katikati yake. Nyuma ya Aleksei na mtoto wa jirani kuna banda lilelile, lina kuta, lina paa, na juu ya paa mbao zimeanza kugeuka rangi kwa mvua. Jeneza lilitangulia. Benchi lilifuata, tena kwa miaka.

Kisha nikatazama watu. Kichwani mwa jeneza yupo yaya wa nyumba ile, tunamjua kwa picha nyingine nyingi, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu. Mama yake Aleksei amesimama kando yake, na kofia yake, na glavu zake, na amemshika yaya kiwiko. Dada zangu, mnajua wenyewe. Ukiingia matangani ambako hukujui, humuulizi mtu mwenye kilio ni nani. Unatazama anayeshikwa. Mama yake Aleksei alikuwa anashika. Yaya ndiye alikuwa anashikwa. Mtoto wa jenezani alikuwa wa yaya.

Basi msichana wa benchini, mwenye paji la uso na nyusi za mke wa daktari, nyusi ambazo Mamzeli mwenyewe alikuwa nazo na alizitia wanja Jumapili, hakuwa mtoto wa jirani yeyote; alikuwa Lida. Tulikuwa tumeisoma picha ile kwa masikio. Tuliambiwa Lida amekufa, kwa hiyo kila mtoto aliyekuwa hai ilibidi awe wa mtu mwingine.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Nikimwambia, namnyang'anya Mamzeli marehemu aliyemwombea kila mwaka na kumfanya baba yake mwongo. Nisipomwambia, kuna mwanamke mahali fulani Urusi, aliyepotea kama mtoto wa Papa Inosenti, kama yu hai amefikia karibu miaka themanini, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtafuta. Mugunga nilikuwa nawahimiza watu waseme ukweli kila siku. Niliona aibu kuwahimiza mchana na kunyamaza jioni.

Jioni moja nilimwita maktabani nikamwonyesha picha bila maelezo. Nikamwambia maneno yake mwenyewe: sema kenye unaona. Alianza na pembe, kama alivyonifundisha. Alipofika kwenye banda akahesabu nguzo. Akarudi kwenye picha ya pili. Akatoa lenzi jichoni, akairudisha.

"Paa," alisema.

"Njo vile, Mamzeli."

"Papa alikuwa mutu ya kweli. Hakuna siku alinidanganyaka."

Akanyanyuka, akavaa koti, akaenda kwake. Hakuja maktabani siku ya pili wala ya tatu, na nilipompelekea chakula mtumishi wake alisema Mamzeli amelala, wakati nilimwona dirishani. Niliumia, sitaki kusema uongo. Nilidhani nimempoteza.

Aliporudi, hakusalimia. Alikaa kwenye kiti chake akaanza kuongea akitazama ukuta.

"Masika, nikiwa mutoto, tukienda ku soko ya Rutshuru, papa alikuwa ananifunga ku mukono yake na kitambaa. Hapa, ku kiwiko. Batu banacheka: angalia ule Muzungu anafunga mutoto yake sawa mbuzi. Nilikuwa nasikia haya. Nikiwa na miaka kumi na mbili alikuwa anaendelea kunifunga." Alijishika mahali pale. "Ya safari aliniambiaka kitu kimoja tu. Kama balipanda treni ku gare moja karibu na bahari, na batu balikuwa bengi sana. Mama yake alibeba valizi ya nguo. Baba yake alibeba hii sanduku."

Tukalitazama sanduku la kijani. Mikono minne ya wakubwa ilikuwa imejaa. Ulibaki mkono wa kijana wa miaka kumi na minne, na mkono wa gauni.

"Njo yeye alikuwa anamushika," Mamzeli alisema, akalia kwa sauti, bila kujificha, kama tunavyolia sisi.

Nilimshika. Nilipoona ametulia nilitaka kumfariji, nikasema labda si hivyo, labda alikufa kwa ugonjwa mwingine baadaye. Akanikatiza. Kama angekuwa amekufa nyumbani, alisema, daktari yule angempiga picha. Alipiga picha hata mbwa. Muzee Aleksei alihitaji maiti ya kumwonyesha binti yake, kwa sababu matanga bila maiti hayaishi, na katika sanduku la baba yake alikuta moja tu ya kumfaa.

Niwaambie mapema, ili msisome mkingoja: tuliandikisha Lida atafutwe, lakini jibu kutoka Urusi halikuja. Mamzeli alizeeka, akafariki, na jibu halikuja. Alichofanya baada ya siku ile ni kwenda kwa padri kuomba jina la Lida litolewe kwenye misa ya wafu na kuwekwa katika maombi ya walio safarini. Padri aliuliza safari ya kwenda wapi. Mamzeli akamwambia asiulize. Siku iliyofuata aliniomba nimpeleke Mugunga.

Alipanga mstari pamoja na wakimbizi walioandikisha watoto wao waliopotea. Vijana wa shirika walipomwona, mama wa Kizungu mwenye mvi amesimama juani kwenye mawe yale ya volkano, wakaja kumtoa wampitishe mbele. Akawakatalia kwa Kinyarwanda, na mstari mzima ukageuka kumtazama. Mezani alikuwepo Mama Furaha, mwanamke wa Masisi, mpole lakini asiye na muda wa kupoteza. Aliwauliza wote maswali yaleyale kwa sauti ileile.

"Jina ya mutoto?"

"Lidia. Banamuitaka Lida."

"Iko na miaka ngapi?"

"Cinq ans. Miaka tano."

Mama Furaha aliandika, kisha akainua macho. "Cinq ans ile siku, ao leo?"

"Ile siku. Leo atakuwa karibu na quatre-vingts, themanini."

Nilimwona Mama Furaha akinitazama mimi. Nikamtikisia kichwa kwamba ndiyo, aandike. Akaandika.

"Alipoteyaka wapi?"

"Ku gare. Kule Russie. Vita ilikuwa, na banakimbia."

"Nani alikuwa anamushika?"

Lilikuwa swali la kawaida. Kila mtu aliulizwa, kwa sababu mtoto akipatikana humtaja wa mwisho aliyekuwa naye. Nilikuwa nimelisikia likiulizwa na nimeona wanaume wazima wakiondoka mezani bila kulijibu. Nyuma yetu watu walikuwa wametega masikio. Mamzeli alishika ukingo wa meza.

"Kaka yake. Papa yangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Alikuwa mutoto na yeye. Alimuachilia."

Mama Furaha akaweka kalamu chini. "Pole, mama," alisema. Na nyuma kwenye mstari mwanamke mmoja akasema pole, kisha mwingine, mpaka likawafikia na wa mwisho, ambao hawakujua wanampa pole ya nini.

Picha ya benchi nilikuwa nimeipeleka studio kutengenezewa nakala, upande wa msichana tu. Niliibandika mwenyewe kwenye ubao, katika nafasi iliyoachwa wazi na mtoto aliyekuwa amepata watu wake jana yake. Mamzeli alisimama pembeni, mikono ameikunja. Mama mmoja kijana alikuwa anafuata ubao, kidole chake kikitoka picha hadi picha. Alifika kwa Lida. Alimtazama kama alivyowatazama wengine wote, uso, paji, nyusi, gauni, bila haraka, akarudia uso.

"Huyu haiko wangu," alimwambia Mamzeli kwa huruma, akasogea kwa picha inayofuata.